Bomba la Mchungaji

Kwa miaka miwili maji ya Lotovai yalikuwa safi, na hilo si porojo, kwa sababu kulikuwa na cheti. Cheti kilikuwa na muhuri, fremu, na inzi mmoja aliyefia nyuma ya kioo. Kilitundikwa katika ukumbi wa kanisa, juu ya piano ambayo yenyewe haikuwa na cheti chochote, na kila aliyeisikia alielewa kwa nini. Vijiji jirani vya kisiwa cha Savaii vilikuja kukitazama. Vilirudi kwao kimya.

Aliyekipatia kijiji heshima hiyo alikuwa Fuatino, mke wa Iosua fundi bomba. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alichukua chupa ndogo yenye kikaratasi cha dawa ndani yake, akaijaza maji ya bomba, akaifunga vizuri na kuilaza ndani ya sanduku lenye blanketi ili ipate joto. Maji yakimaliza siku tatu bila kubadilika, ni salama. Yakigeuka meusi, yana kinyesi. Karatasi ya maelezo kutoka ofisi ya afya ilitumia maneno ya adabu zaidi, lakini ilimaanisha kinyesi.

Chupa ishirini na nne zilikuwa zimelala katika sanduku lile, na hakuna hata moja iliyogeuka nyeusi.

Jumatano, siku nne kabla ya Jumapili Nyeupe, sikukuu yao ya kanisani, watoto walikuwa ukumbini wakifanya mazoezi ya aya zao za Biblia. Temukisa, binti wa Fuatino, mwenye miaka tisa na sauti ya kuamsha wafu, alisimama mbele ya wenzake, akasema aya ya kwanza, akasema ya pili, kisha akaketi sakafuni polepole kama bibi kizee. Wenzake walicheka. Mwalimu alimwambia aache mzaha. Alipomshika mkono amwinue, aliuachia haraka. Ulikuwa wa moto kama jiwe la tanuri.

Hospitali ya wilaya ilikuwa na muuguzi aitwaye Vaosa, mwanamke mpana, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpima Temukisa, akambonyeza tumbo, akamtazama ulimi, akaandika. Fuatino alisimama miguuni pa kitanda, mkoba ameukumbatia kifuani, mama mkwe wake nyuma yake.

"Inaonekana ni homa ya matumbo," alisema Vaosa. "Damu itasema, lakini mimi nimeshaiona mara nyingi, haihitaji kutambulishwa kwangu. Mnakunywa maji gani?"

"Ya bomba."

"Bomba gani?"

"La kijiji. La Lotovai. Lina cheti."

"Ah, ndio nyie wenye cheti!" Vaosa alicheka, na kicheko chake hakikumfurahisha mtu. "Mnakichemsha kwanza, au mnakinywa hivyohivyo? Na anayepima ni nani?"

Fuatino alitazama sakafu. Ilikuwa imepigwa deki vizuri sana.

"Ni mimi."

Muuguzi aliacha kuandika. "Unachota wapi, dada?"

"Kwa Mchungaji."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Na huyu mtoto anakunywa kwa Mchungaji?"

Kitandani Temukisa alikuwa akinong'ona aya ya tatu, aliyoisahau ukumbini, akiirudia na kuikosea palepale. Vaosa alifungua kabati, akatoa chupa nne ndogo zenye vikaratasi, akamtumbukizia mkobani.

"Mama mkwe wako atabaki na mtoto. Wewe nenda kapime bomba lako mwenyewe. La jirani pia, na la shule. Na usikae siku tatu ukiomba Mungu. Maji yakiwa mabaya, yatajionyesha mapema."

Yafaa kueleza kwa nini chupa ya Lotovai ilichotwa kwa Mchungaji, maana haukuwa uzembe. Ulikuwa ni uamuzi wa kamati ya akina mama, uliochukua mchana mzima na magimbi mengi. Kuchota kwa Luseane, mwenyekiti, kungekuwa kujipendelea. Kuchota kwa mwingine kungekuwa kumdharau Luseane. Kuchota shuleni kungewaudhi wote wawili. Ndipo mama mmoja mwenye hekima akasema: chupa hii inatoka serikalini, kwa hiyo ni mgeni, na tangu lini mgeni wa Lotovai akafikia kwingine ila kwa Mchungaji? Kamati nzima ikapiga makofi. Tangu siku hiyo Fuatino alioga, akavaa nguo ya kanisani na kuipeleka chupa kwa heshima zake zote, na Mama Mchungaji akamkaribisha kwa kakao na biskuti.

Jioni ile hakuoga. Alijaza chupa ya kwanza nyumbani kwake, ya pili shuleni, ya tatu kwa wifi yake Luseane, kwenye bomba la nyuma ambalo hakuna aliyekuwa akilitazama. Ya nne aliijaza uani kwa Mchungaji. Aliziandika kwa kalamu ya wino, akazilaza kwenye sanduku, akazifunika.

Alhamisi alfajiri alifunua blanketi. Maji meupe. Baada ya chai alifunua tena. Saa nne alidhani ameona kivuli kwenye ile ya nyumbani, akaipeleka kwenye mwanga, akajiambia ni kidole chake. Saa nane mchana alifunua na hakuhitaji mwanga. Chupa tatu zilikuwa nyeusi ti, weusi wa sufuria iliyoungua. Ya nne, ya Mchungaji, ilikuwa safi, ungeweza kusoma gazeti kupitia ndani yake.

Jana asubuhi alikuwa amemmiminia Temukisa kikombe kutoka bomba lile. Na juzi. Alikuwa akimwambia: kunywa maji, mwanangu, kunywa mengi, joto hili kali.

Iosua alipoingia alizikuta chupa zimepangwa mstari juu ya mkeka. Alizitazama, akavua kofia, kama mtu aliyeingia msibani.

"Kwa nini hii ya Mchungaji ni nyeupe?" aliuliza Fuatino. "Laini ni moja. Umeichimba wewe mwenyewe. Niambie."

"Kaa kwanza."

"Nimekaa, Iosua. Nimekaa tangu saa nane."

Fundi alikuna shingo. "Bomba la Mchungaji haliko kwenye laini."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka juzi. Mama Mchungaji aliniita. Alisema maji yanakuja na udongo, yanaharibu mashati meupe ya Mchungaji. Nikamgeuzia kwenye tangi lake la mvua. Akaniomba nisimwambie mtu. Watu waliuza nguruwe zao kununua bomba lile, alisema, wataumia moyo."

"Na mimi mkeo naingia pale kila mwezi na chupa, nimevaa kofia ya kanisani?"

"Hukuniuliza."

"Nikuulize kama bomba ni bomba!" Sauti ilimpasuka. "Nimepima mvua, Iosua. Miaka miwili nawapimia mawingu!"

Akaanza kumtoa mengine mdomoni, moja moja, kama mtu anavyotoa miiba. Laini kuu ilipita chini ya banda la nguruwe la Tavita. Mwezi wa saba ilipasuka pale, naye Iosua akaifunga kwa tyubu kuukuu ya gari, maana kiungo kipya kiliagizwa Apia na bado kilikuwa kinakuja. Mwanzoni haikuwa na neno: bomba lililojaa husukuma maji nje, halivuti kitu. Lakini wiki tatu zilizopita kamati iliagiza koki kuu ifungwe kila usiku, ili tangi la kijiji lijae kwa ajili ya karamu ya Jumapili Nyeupe.

"Bomba likikauka linanyonya," alisema Iosua taratibu. "Linanyonya chochote kilichoko nje yake."

"Basi kalifunge kabisa! Sasa hivi!"

"Mke wangu, hunisikii. Likifungwa ndipo linaponyonya zaidi."

Nje, nguruwe wa Tavita walikuwa wakigombania maganda ya shelisheli. Siku nyingine ingekuwa kelele ya kawaida. Fuatino aliziba masikio.

Usiku ule Iosua hakuifunga koki, na hakumwambia mtu. Huo ndio uliokuwa ushujaa wake wote.

Ijumaa yeye na mkewe walikwenda kwa Luseane. Luseane alikuwa dada mkubwa wa Iosua, binti wa kijiji, mwenyekiti wa kamati na mshonaji wa nguo zote nyeupe za Jumapili, na alikuwa katikati ya vitambaa kama mtu aliyeangukiwa na wingu. Fuatino, kama mke yeyote aliyeolewa kutoka kijiji kingine, aliketi upande wa vyungu. Alitoa chupa moja, akaisukuma mbele kwa mikono miwili.

"Wifi, haya ni maji yetu."

Luseane aliinyanyua kwa vidole viwili. "Umeweka nini humu, sosi ya soya?"

"Ni ya bomba lako. La nyuma."

"Umekuja kwangu kuchota bila hodi?"

"Wifi, Temukisa yuko hospitali. Naomba Jumapili watoto wasipewe maji ya bomba. Wapewe madafu, au tuchemshe."

"Madafu ya watoto mia mbili! Na hii juisi ya unga niliyoibeba kwenye basi tangu Salelologa, nimwagie kuku?" Luseane alirudisha sindano kinywani, akaendelea kusema pembeni yake. "Tulishaugua homa hapa kabla hujaolewa, tukapona. La Mchungaji umepima?"

"Nimepima."

"Lina nini?"

"Safi. Lakini la Mchungaji ni la—"

"Safi! Basi. Maji ya Mchungaji ni maji yetu."

"La Mchungaji ni la mvua, wifi. Liligeuzwa."

Sindano ilitoka kinywani. "Nani amesema? Unataka kuniambia Mama Mchungaji amekuwa akitudanganya miaka miwili, juu ya mkeka wake, na biskuti zake? Nani amesema maneno hayo?"

Fuatino akamgeukia mumewe. Iosua alikuwa ameketi karibu na nguzo, akikagua vidole vyake vya miguu kwa makini ya mtu aliyeambiwa kimoja kimepotea.

"Iosua?" alisema Luseane.

"Labda," alisema Iosua, "tungoje Jumatatu."

"Umesikia? Jumatatu." Luseane alisukuma chupa irudi ilikotoka, kwa mguu. "Mimi nakuhurumia kwa mtoto, ni damu yetu. Lakini wewe umekuja hapa na mkeka mmoja na sanduku, wifi. Aibu ya kijiji hiki haikuwa kwenye sanduku lako. Usituletee sasa. Huko kwenu mlikunywa mtoni na bata, wala hatukuwacheka."

Walikuwa wamecheka, miaka kumi na miwili mfululizo, lakini haikuwa siku ya kukumbushana. Fuatino aliichukua chupa, akaifuta vumbi la mguu kwa shuka lake.

Jumamosi alikwenda peke yake kwa Mama Mchungaji. Eseta alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, aliyezoea kuzungumza kwa sauti ya chini ili watu wasogee karibu. Kakao ilikuwa tayari mezani kabla ya mgeni kuketi.

"Tunamwombea Temukisa asubuhi na jioni," alisema.

"Asante, Mama. Kakao hii umeichemsha kwa maji gani?"

"Kwa maji ya bomba, mwanangu."

Fuatino alikitazama kikombe. Alikuwa na kiu. Tangu Alhamisi alikuwa hanywi kitu kisichochemka mbele ya macho yake. Alikunywa chote, akakirudisha mezani.

"Iosua ameniambia, Mama."

Mkono wa Eseta ulienda kwenye biskuti, ukazipanga upya. Zilikuwa nne, hazikuhitaji mpango.

"Mchungaji amehubiri juu ya maji yale," alinong'ona. "Mbele ya wageni wa sinodi. Mimi nimeketi mstari wa mbele nikiitikia amina. Sasa nitasimama niseme nini? Kwamba zawadi yao ilikuwa chafu, nikaimwaga kimyakimya, nikanywa ya kwangu?"

"Sema watoto wasinywe. Hilo tu. Sema umeota, sema Mchungaji anapenda madafu, sema chochote. Wewe ukisema, Luseane atanyamaza."

"Nitazungumza naye."

"Leo?"

"Leo, mwanangu. Nenda kwa mtoto wako."

Alikwenda. Hospitalini Temukisa hakumtambua. Alimwita mwalimu, akamwomba msamaha kwa kusahau aya. Saa moja jioni gari lilileta mtoto mwingine, amefungwa shuka, kichwa kikining'inia. Alikuwa mvulana wa Tavita. Muuguzi Vaosa alimtazama Fuatino kutoka upande wa pili wa wodi, na safari hii hakutania.

"Kesho mnawapa nini watoto wenu?" aliuliza.

Jumapili gari la hospitali lilimshusha Fuatino mbele ya kanisa wakati aya zimekwisha na karamu inaanza. Katika siku ile moja ya mwaka watoto wa Lotovai ni wafalme: wanakula kwanza, wameketi, nao wakubwa wanawahudumia na kuwapepea inzi. Walikuwa wamepangwa safu kwa safu juu ya mikeka ya ukumbini, weupe kuanzia kola hadi soksi, mbele yao kuku, nguruwe, magimbi na keki. Watoto wawili walikuwa wakipigana kwa siri juu ya paja la kuku. Kwenye meza ya mwisho kulikuwa na mabeseni matano makubwa, yamejaa juisi ya rangi ya chungwa, na nyuma yake Luseane ameshika upawa.

Fuatino alimtafuta Mama Mchungaji. Alikuwa kwenye kiti chake mbele, ameshika upepeo. Macho yao yalikutana, na Eseta akaanza kujipepea kwa haraka.

Hakuwa amesema.

Kikombe cha kwanza kilikuwa kimeshajazwa. Fuatino alipita katikati ya safu bila kuinama, jambo ambalo mke wa kuolewa halifanyi mbele ya wazee, na ukumbi ulianza kunyamaza kuanzia alipopita.

"Msiwape," alisema. Haikutoka vizuri. Akarudia kwa nguvu. "Msiwape watoto maji hayo! Yana kinyesi cha nguruwe!"

Mama mmoja alishika mdomo. Mchungaji alisimama nusu, hakumaliza.

"Iosua!" alisema Luseane, bila kumtazama Fuatino. "Njoo umchukue mkeo. Uchungu umempanda kichwani."

Iosua alikuja. Alitembea polepole ukumbi mzima akitazamwa, na alipofika hakumshika mkewe. Alisimama pembeni yake, kofia mkononi. "Ni kweli, dada," alisema. "Bomba nimelifunga kwa tyubu, bandani kwa Tavita. Na la Mchungaji nililigeuza mimi."

Minong'ono ikavuma. Luseane alikuwa amepauka, lakini hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya mabeseni yake mwenyewe. Alijaza kikombe hadi ukingoni, akazunguka meza, akampelekea Mama Mchungaji, akainama.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya heshima kamili, "wamekusingizia mbele za watu. Wanasema wewe hunywi maji yetu. Kunywa, wanyamaze, watoto waendelee kula."

Eseta alikipokea. Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake watu walikuwa wamesogea karibu bila yeye kusema neno. Alikiinua hadi kifuani. Alikiinua hadi kidevuni. Matone mawili ya juisi yaliangukia gauni lake jeupe. Akamtazama mumewe, akatazama safu za watoto, midomo yao imefunguka kwa hamu na kiu.

Kisha akakiweka sakafuni, mbali naye, taratibu, kama mtu anavyoweka kitu kinachoweza kumuuma.

Luseane alibaki ameinama pale, mikono imenyooshwa, akiwa bado anatoa kitu ambacho hakikuwamo tena. Kisha kijana mmoja nyuma akaanza kuvua shati ili akaangue madafu, na wengine wakamfuata, na wanaume wawili wakayabeba mabeseni nje. Fuatino alitakiwa kuona furaha. Hakuiona.

Alikuwa akitafuta pa kuegemea alipomwona mtoto mmoja katika safu ya tatu. Amevalishwa vizuri, utepe kichwani, kuku wake hajaguswa. Alikuwa amelala ameketi. Pembeni yake mvulana alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye soda ya mkebe, macho amefumba, akitafuta baridi yake. Fuatino akatazama safu ya nne. Akatazama ya tano. Sahani zilizoguswa zilikuwa chache kuliko inavyopaswa kuwa katika siku ya wafalme.

Akapiga magoti mbele yao.

"Wanangu," alisema, "hakuna atakayepelekwa nyumbani, wala kuchapwa. Nani anaumwa kichwa, au mwili unawaka moto, na hajamwambia mama yake?"

Watoto walitazama keki zao. Walijua hila za wakubwa.

"Nikisema," aliuliza yule wa utepe, bila kufungua macho vizuri, "aiskrimu nitapata?"

"Utapata."

Mkono mdogo uliovaa glavu nyeupe ukapanda. Mvulana wa soda akauinua wake. Kisha msichana nyuma yake, kisha ndugu wawili pamoja, kisha safu ya tano, mmoja baada ya mwingine, kimyakimya, wakitazamana kuona nani mwingine alikuwa akificha. Wakubwa waliacha kupepea inzi. Mama mmoja aliita jina. Kisha mwingine akaita jingine. Luseane aliuacha upawa uanguke, akaanza kupita kati ya mikono ile iliyonyooka, akishika paji la uso hili na lile, akiwasukuma, akimtafuta mjukuu wake; na alipompata, katika safu ya mwisho, mtoto alikuwa ameinua mikono yote miwili.